Paa Dume Mwenye Mimba

Ukweni walimwita Mlinzi, na wala hawakuwa wakimtania. Mama mkwe aliposikia kwamba mume wa binti yake hushinda kutwa kucha kwenye chumba kimoja, hawezi kwenda hata msibani mpaka apatikane wa kumshikia zamu, na kwamba kazi yake ni kuangalia mashine isizimike, alitikisa kichwa akauliza kama angalau wamempa firimbi. Binti akaeleza kwamba mumewe ana shahada mbili. Mama mkwe akajibu kwamba basi ni mlinzi msomi, na siku hizi wapo wengi.

Jina likaganda. Mwenyewe alilisimulia kazini kama kichekesho, na huko nako likamganda, hata wageni waliofika kituoni wakawa wanaulizia Mlinzi, wakielekezwa getini kwanza.

Lakini ukilipima vizuri, mama mkwe hakukosea sana. Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa ukumbi, ghorofa ya chini ya kituo cha utafiti wa wanyama, na hakikuwa na dirisha. Ndani mlikuwa na kabati la chuma lililojaa kompyuta zikivuma kama mzinga wa nyuki, kiyoyozi kilichodondosha matone kwenye ndoo, meza, godoro lililokunjwa na kusukumwa nyuma ya kabati, na mlango uliovunjika kitasa kwa ndani. Ukitaka kutoka, uliingiza bisibisi kwenye tundu la kitasa ukazungusha. Bisibisi hiyo ilifungwa kwa kamba kwenye msumari ukutani, isije ikaazimwa na mtu akasahaulika humo.

Kazi ya mashine ile ilikuwa kuzalisha paa. Si paa wa nyama na pembe. Paa wa hesabu. Kituo kilikuwa kimekusanya vipande vidogo vya ngozi ya sikio kutoka kwa paa walionaswa na kuachiwa katika misitu miwili, wa kaskazini na wa kusini. Maabara ilisoma vinasaba vyao ikampa Mlinzi safu ndefu za herufi. Naye akaiagiza kompyuta: anza na kundi moja la paa wa kubuni, ligawe mara mbili, waache wazaane, wafe, wazaane tena, vizazi kwa vizazi, mara waruhusu wachache wavuke kutoka msitu huu kwenda ule, mara wazuie kabisa, na kila ukimaliza, niambie damu ya hawa wa kubuni inafanana kiasi gani na ya wale wa kweli. Ukirudia hivyo mara zisizo na idadi, historia inayoleta mfanano mkubwa kuliko zote ndiyo unayoweza kuisadiki. Paa wa zamani hakuna aliyewaona. Ila waliacha nyayo ndani ya wajukuu zao, na Mlinzi alikuwa msoma nyayo.

Swali la utafiti lilikuwa jepesi kulitamka. Kati ya misitu hiyo miwili kulikuwa na ushoroba, ukanda wa vichaka ulioachwa ili wanyama wapite. Ukanda huo uligusa shamba moja kubwa, na shamba lilikuwa na mtaro wa kutoa maji, mpana na wenye kingo za wima, uliochimbwa enzi za mababu ukaukata ukanda katikati. Je, paa walikuwa bado wanavuka? Kama wanavuka, ni ukoo mmoja, na damu mpya inaingia kila upande. Kama hawavuki, basi wale wa kusini, ambao ni wachache, wanaoana ndugu kwa ndugu, na kila kizazi kinazaliwa dhaifu kuliko kilichokitangulia.

Sasa hapo kulikuwa na kasoro. Programu ya kuzalisha paa iliandikwa na mwanafunzi mmoja mwenye akili kali na haraka nyingi, akaondoka bila kuifundisha kuhifadhi kazi njiani. Umeme ukikatika, programu hairudi pale ilipoachia. Inarudi kizazi cha kwanza, kana kwamba hakuna paa aliyewahi kuzaliwa. Mlinzi aliwahi kutaka kuirekebisha, lakini Mkuu wa kituo alimkataza asiiguse, kwa kuwa wahakiki wa majarida ya sayansi walikwisha kuikubali ilivyo, na ukiibadilisha utaanza kujieleza upya. Kwa hiyo ilibidi awepo mtu. Umeme ukiondoka, betri zilizo chini ya meza zililia kama vifaranga na kuishikilia roho ya mashine kwa kitambo kidogo, kiasi cha mtu kushika bisibisi, kufungua mlango, kukimbia ukumbi mzima na kuwasha jenereta nyuma ya jengo. Mtu huyo alikuwa yeye. Aliomba wa kupokezana naye, akapewa ahadi, na ahadi haiwezi kuwasha jenereta.

Mkewe alikuwa mwalimu. Alihamishiwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima, wakati binti yao anaanza kutambaa, na sasa binti alikuwa anaandika jina lake mwenyewe. Katika mji huo kulikuwa na kituo kidogo kilichokuwa kikimhitaji mtu wa fani ya Mlinzi. Barua ya uhamisho ilikuwa tayari imepita kila ofisi. Ilibaki saini moja tu, ya Mkuu.

Mkuu hakukataa. Mkuu alikuwa na ugonjwa wa kukubali. Kila Mlinzi alipomwendea, alimkaribisha kiti, akamuulizia mama na mtoto, akasema barua ni kama imesainiwa, kazi hii ikiisha tu. Na kazi ile ilikuwa kama mwisho wa upinde wa mvua, ukiisogelea inasogea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyempata mfanyakazi asiyelalamika, na hakuna kifungo kirefu kama cha mtu anayesifiwa kwa uvumilivu.

Jioni binti alipiga simu, na swali lake halikubadilika.

"Baba, mashine imelala?"

"Bado, mama. Ikilala nakuja."

Hatimaye ikalala. Ilimaliza hesabu yake bila umeme kuikatiza, na jibu likawa tamu: paa wanavuka. Baadhi ya walionaswa msitu wa kusini walikuwa na damu ya kaskazini tupu, na baadhi ya wa kaskazini walikuwa na damu ya kusini. Wahamiaji. Ushoroba ulikuwa hai. Mkuu alizunguka ofisi akipeana mikono na kila aliyemkuta, hata fundi wa mabomba.

Kitu kimoja kilimkereketa Mlinzi. Wahamiaji walikuwepo, tena si haba, lakini hakukuwa na chotara hata mmoja, mtoto wa mgeni na mwenyeji. Alipomuuliza Mkuu, Mkuu alisema pengine wamevuka juzijuzi tu, wape muda, hata wewe hukuoa siku uliyoshuka kwenye basi. Mlinzi akacheka, jambo likapita. Anayetaka kutoka hachunguzi sana nani amemfungulia mlango.

Matokeo yakaandikwa, yakapelekwa kwenye jarida, nalo likarudisha maswali machache ya wahakiki. Mkuu akaweka siku mwenyewe: Ijumaa majibu yanatumwa, Ijumaa hiyohiyo anasaini barua. Kule mkewe akamwambia mwenye nyumba, akamwambia mama yake, na binti akaliambia darasa zima kwamba Jumamosi baba yake anakuja na hatarudi tena kwenye mashine.

Jumatano asubuhi lilibaki swali la mwisho, jepesi kuliko yote. Mhakiki alitaka kujua kati ya paa waliopimwa dume ni wangapi na jike wangapi. Askari wa porini walikuwa wameandika jinsia ya kila mnyama waliyemnasa, kwa hiyo ilitosha kuhesabu. Lakini Mlinzi alipenda kuhakikisha. Tangu mwanzo wa kazi, ili kuipunguzia kompyuta mzigo, walikuwa wamezitupa kando kromosomu za jinsia, kwa kuwa hesabu ya ukoo haikuzihitaji. Akazitoa kwenye diski ya zamani, akaziweka sambamba na maandishi ya askari, akaanza kulinganisha.

Walilingana, walilingana, kisha akakuta mmoja. Askari ameandika: jike, ana mimba. Kompyuta ikasema: dume.

Mlinzi alicheka peke yake mpaka akashika meza. Kichekesho kama kile hakiwezi kuliwa peke yako, basi akazungusha bisibisi akatoka nacho ukumbini. Fundi wa maabara, mzee mpole waliyemwita Bwana Taratibu, alisema sasa usawa umefika mpaka porini. Katibu muhtasi wa Mkuu akauliza kama huyo bwana amepewa likizo ya uzazi. Wakakubaliana kwamba askari yule siku hiyo alikuwa amelewa.

Akarudi chumbani bado anafuta machozi ya kicheko, akaendelea kushuka na orodha. Akamkuta wa pili: dume mwenye mapumbu makubwa, kwa mujibu wa askari, jike, kwa mujibu wa kompyuta. Akamkuta wa tatu. Wa nne. Akaacha kucheka. Askari mmoja anaweza kulewa siku moja. Hawa walikuwa wamenaswa siku tofauti, na askari tofauti, misitu tofauti. Kitu kimoja tu kiliwaunganisha. Wote walikuwa kwenye sahani moja.

Sahani za maabara ile ni vipande vya plastiki vyenye visima vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, kila kisima na paa wake. Ukiizungusha sahani, mbele ikawa nyuma, haimwagiki wala hailalamiki. Ila kisima cha kwanza kitasomwa cha mwisho, na cha mwisho kitasomwa cha kwanza. Na kwenye sahani ile, Mlinzi alikumbuka sasa, wa kaskazini walipangwa mwanzo na wa kusini mwisho.

Akaipindua orodha ya sahani hiyo, kichwa kikawa mkia. Dume mwenye mimba akawa jike. Mwenye mapumbu akarudishiwa mapumbu yake. Wote wakalingana, bila kubaki hata mmoja. Kisha, mkono ukiwa mzito kama wa mtu anayefunua maiti, akatazama damu.

Wahamiaji wote walikuwa wamerudi kwao. Wa kaskazini kaskazini, wa kusini kusini. Kwa kadiri damu ilivyoweza kukumbuka, hakuna paa aliyevuka mtaro ule. Na damu ya wa kusini, sasa ilipokuwa imeachwa peke yake bila wageni wa uongo, ilionekana ilivyo: nyembamba, inajirudia, baba na mjomba na babu mtu mmoja. Hawakuwa na pa kwenda, na hakuna aliyekuwa akijua.

Tone likadondoka kwenye ndoo. Akalisikia. Likadondoka jingine.

Alimkuta Bwana Taratibu maabara, akamuuliza bila kumtazama machoni ile sahani aliiingizaje. Mzee alifikiri, akaielekeza ile mashine ya kusomea. Kipindi kile, alisema, lilikuja friji jipya likakosa pa kukaa, ikabidi mashine igeuzwe mlango utazame ukutani. Kwa siku kadhaa alikuwa akiilisha kwa nyuma, mkono umezunguka kama mtu anayejikuna mgongo. Na sahani zenyewe zilikuwa za toleo jingine, zile zisizokatwa pembe ya kuonyesha juu ni wapi. Mlinzi aliuona uso wa mzee ukielewa polepole, taratibu kama jina lake.

"Wale paa," Bwana Taratibu akasema. "Hawakuvuka?"

"Hawakuvuka, mzee."

Mzee akavua glavu zake akaziweka kwenye friji badala ya pipa la taka, na hakutambua.

Ofisi ya Mkuu ilikuwa na dirisha kubwa, na nje mti ulikuwa ukipepea kana kwamba dunia haina habari. Barua ya uhamisho ilikuwa mezani, chini ya jiwe la kuzuia karatasi. Mlinzi alieleza yote akiwa amesimama. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi. Nilimuuliza, akakumbuka."

"Basi ni sisi watatu, na wote ni watu wazima."

Mkuu akakaa. Hakupandisha sauti. Alimkumbusha Mlinzi kwamba wameupigania ushoroba ule miaka, wamedharauliwa kwa ajili yake, na lile shamba linangoja neno moja tu. "Siku tutakayosema paa hawapiti, kesho yake ukanda umelimwa. Hebu niambie, huo ukweli wako utakuwa umewasaidia paa nini?"

Na hapo palikuwa pagumu, kwa sababu Mkuu hakuwa akisema upuuzi. Mlinzi alilijua shamba lile na wenye nalo. Alijua uongo huu ungekuwa ngao. Lakini alikuwa ameiona damu ya wale wa kusini. Ngao ile ingekinga vichaka, na ndani ya vichaka paa wangeendelea kuisha, kizazi baada ya kizazi, wakilindwa vizuri sana.

"Mkuu, tukisema wanapita, nani atahangaika kuufukia mtaro? Nani atawapelekea wa kusini hata dume mmoja?" "Tutakuwa tumewafungia ndani, halafu tumeandika kwamba mlango uko wazi."

Mkuu akaliondoa jiwe, akaivuta barua, akafungua kalamu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Barua naisaini sasa hivi. Majibu ya wahakiki nitayatuma mimi mwenyewe, Ijumaa wewe huhitaji hata kuwepo. Jumamosi unakula kwa mkeo. Ulichokiona leo, hukukiona. Si lazima useme kitu. Chukua tu uende."

Kalamu ilikuwa juu ya mstari. Mlinzi alimwona binti yake amesimama kituoni amevaa viatu vya kutokea. Aliuona mkono wake mwenyewe ukipokea barua, ukiikunja, ukiitia mfukoni. Aliuona waziwazi, na alijua haukuwa mkono wa mtu mwingine.

"Usiisaini, Mkuu," akasema. "Ukiisaini nitaichukua. Najijua."

Mkuu alibaki na kalamu hewani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile alionekana kama mtu asiyejua la kukubali. Akaifunika kalamu. Akairudisha barua chini ya jiwe.

"Itabidi tuwaombe wahakiki muda," akasema hatimaye, akitazama dirishani. "Na hesabu yote irudiwe. Yote. Unajua utakaa mle mpaka lini?"

"Najua."

"Mpaka uote mvi."

Kuna wanaosema mkweli hulala usingizi mzuri. Huenda ni kweli. Ila hawasemi analala wapi.

Siku hiyohiyo aliisahihisha orodha, akaitazama tena na tena, akaamuru mashine ianze. Kwenye kioo ikaandika kizazi cha kwanza. Kabati likavuma. Kisha akampigia mkewe, kwa sababu jambo la namna hii ukilichelewesha linaoza.

Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, na hilo ndilo lililomtisha. Alipomaliza, mkewe alianza na madogo: amemwambia mwenye nyumba, amesogeza kitanda cha mtoto, mama yake ameshatangaza ukoo mzima kwamba Mlinzi ameachishwa lindo. Halafu sauti ikabadilika. Akauliza kama paa hao wamewahi kumpigia simu hata mara moja. Akauliza kama kungekuwa na ubaya gani mtu mmoja duniani kufumba macho siku moja. Mlinzi alisema kila neno lake ni la haki. Alisema asingeweza kukaa mezani kwake akila, akijua.

"Paa wote umewarudisha kwao," mkewe akasema. "Wewe je?"

Mlinzi alisikia simu ikisuguana na nguo, na sauti ya mkewe kwa mbali ikisema, mwambie mwenyewe, mimi simwambii. Kisha pumzi ndogo za haraka sikioni.

"Baba, nimekutengea midoli yako ya kuchezea," binti akasema. "Ya kwangu ni hii mingine. Mashine si imelala?"

Mlinzi alifumba macho. Alikuwa ameipanga sentensi tangu mchana, fupi, ya kweli, ya kumfaa mtoto. Akaifungua midomo.

Taa zikazimika. Kiyoyozi kikakata pumzi, na chini ya meza betri zikaanza kulia kama vifaranga.

"Subiri, mama," akasema gizani. "Subiri hapohapo, usikate."

Akaiweka simu mezani, akapapasa ukuta mpaka akaishika kamba, akaifuata kamba mpaka kwenye bisibisi, akalitafuta tundu la kitasa. Akakimbia ukumbi. Jenereta ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Aliporudi taa zilikuwa zimewaka, mashine haikuwa imezimika, na kwenye kioo paa wa kizazi cha kwanza walikuwa wameanza kuzaana.

Simu ilikuwa pale alipoiacha. Akaiweka sikioni, akaita. Kulikuwa na mvumo tu, na hakuweza kutambua kama ni wa simu au wa kabati.

Mlango ukajifunga nyuma yake.